Kinywa Kisichojua Kusema Sijui

Asubuhi ile nilijisikia nikisema uongo, na kinywa changu kilikuwa kimejaa uji.

Sauti ilitoka kwenye kisanduku kilicho juu ya kabati la vyombo. Kila nyumba hapa Ikumbinyi inacho kimoja, na sisi hukiita Msimulizi. Huamka saa moja kasoro, husoma habari za kata nzima, na huzisoma kwa sauti yangu.

"Wakazi wa Ikumbinyi, mmeamkaje? Ni mimi Malemba, nyanya yenu. Kitendawili."

Kikanyamaza kidogo, kiasi cha watu kuitikia "tega" majumbani mwao. Ndivyo nilivyokifundisha.

"Mama mnene hana miguu, watoto wote wa kijiji wanamnyonya kwa unyuzi. Hamjui? Basi nipeni mji." Kikanyamaza tena. "Nimekwenda Voi, nimekula, nimekunywa, nimerudi. Mama huyo ni tangi lenu la maji, lile lililowalaza watu kumi na mmoja na kumuua mtoto mchanga siku ya Ijumaa. Na aliyekwenda nyuma ya tangi mara tatu wiki hiyo, akainama, akatia mkono kwenye mawe, akaangaza macho huku na huku kisha akaondoka haraka, ni mwalimu wa chekechea, Mkawasi. Ni mjukuu wangu mwenyewe. Inaniuma kusema, lakini nyanya hafichi."

Mkawasi alikuwa amekaa mbele yangu, na bakuli lake halijapungua. Aliweka kijiko mezani polepole, kama mtu anayeweka yai.

"Nyanya," akasema, "umesikia ulivyonisema?"

"Si mimi."

"Najua si wewe. Lakini hiyo 'inaniuma' umeisema vizuri sana."

Alijaribu kucheka. Mimi nilimeza uji uliokwisha kupoa.

*

Ngoja niseme vile mambo yalivyokuwa, maana bila hivyo utadhani mjukuu wangu alikuwa na neno la kuficha kwenye mawe.

Alikuwa nalo. Alikuwa ameficha kopo.

Ni mchezo wa watu wazima. Unachukua kopo lisiloingiza maji, unatia ndani daftari dogo, penseli, na vitu vya kubadilishana: kifungo, shanga, ufunguo wa kufuli lililopotea. Unalificha mahali, kisha unawapa wenzako namba za mahali hapo, zile zinazosomwa kutoka setilaiti, pamoja na fumbo la kuwasaidia. Anayelipata huandika jina lake na tarehe, huchukua kitu, huacha kitu. Basi. Hakuna tuzo. Vilima vyetu vilikuwa na wachezaji tisa, na mafumbo yote niliyatunga mimi, kwa sababu magoti yangu hayapandi tena lakini kichwa bado kinapanda. Lile la mama mnene lilikuwa langu. Mkawasi aliniuliza, "Nyanya, nifiche wapi lingine?" nami nikamwambia, nyuma ya tangi, nishapata fumbo lake.

Sheria ya mchezo ni moja tu: usionekane. Mpita njia asiyecheza akikuona, atalichukua kopo akaweke chumvi yake ya jikoni. Kwa hiyo mchezaji huangaza macho, hujifanya anafunga kiatu, husubiri njia iwe tupu. Utamu wenyewe uko hapo. Na kwa yule anayeangalia kutoka juu, asiyeona kopo wala kifungo, huo ndio mwendo wa mwizi.

Mwanzoni habari ziliwacheka. "Watu wazima wasaka makopo!" Msimulizi alisema hivyo kwa sauti yangu, akacheka kicheko changu, na sisi tukacheka naye. Mwaka uliofuata walimleta mtaalamu wa usalama, wakamwuliza ni kitu gani kingine kinaweza kuingia ndani ya kopo. Mtaalamu akafikiri, akataja vitu saba. Halafu huko mbali, chini ya daraja la watu, askari wakalipua kopo moja. Lilikuwa na penseli, raba na daftari. Moshi tulionyeshwa wiki nzima, penseli hatukuonyeshwa hata siku moja. Tangu hapo jirani akikukuta umeinama, hakuulizi umepoteza nini. Anapita upande wa pili.

Na sauti je, niliitoaje? Miaka sita iliyopita walikuja watu wa Msimulizi. Wakasema wazee wa vilimani hawaisikilizi sauti ya mashine, huizima, wanataka sauti ya mtu wanayemjua. Mimi ni katika wale wa mwisho kumaliza darasa la nane kabla halijafutwa, na sikuwa nimewahi kuulizwa na mtu mwenye kompyuta jambo lolote. Nikakaa nao siku kumi na mbili, nikasimulia, nikatega, nikaimba hata nyimbo za kubembeleza. Fundi wao alikuwa mama mmoja wa Kisumu, jina lake Akelo. Siku ya mwisho akaniuliza, "Mama, kisanduku kikiulizwa jambo kisilolijua, kisemeje?"

Nikamcheka. Nikamwambia, mtegaji hasemi sijui. Asiyejua ni anayetegewa, na ndiyo maana hutoa mji. Mtegaji huupokea mji, huenda huko akala na kunywa, akarudi na jibu. Umeona wapi mtegaji akarudi kutoka mjini mikono mitupu?

Akelo akaandika. Nilimwona akiandika, na nilijiona mtu.

*

Saa mbili uwanja wangu ulikuwa umejaa. Mbele alisimama Bwana Mwandoe, naibu wa chifu, kofia yake mkononi kama aliyekuja matangani. Nyuma yake nilimwona Zighe. Huyu ni jirani yangu wa mteremkoni, binti wa miaka ishirini na tatu. Mtoto aliyekufa alikuwa wake, miezi saba, aliyechanganyiwa dawa ya homa kwa maji ya tangi. Alikuwa amejifunga leso kifuani, kwa nguvu, kama wanavyofungwa wenye maziwa yasiyo na mnyonyaji.

Mkawasi alitoka na kopo. Alikuwa amelifuata alfajiri ya jana yake, baada ya kusikia watu wanaugua, asije mtu akalikuta akaogopa. Hiyo ndiyo iliyokuwa mara ya tatu.

"Kopo ni hili," akasema. "Fungueni. Daftari, penseli, kifungo. Majina ya walioandika haya hapa."

Mwandoe alilipokea kwa ncha za vidole. "Kopo tumeliona, mwalimu. Na kilichokuwamo kabla hujakitoa?"

"Hakukuwa na kingine."

"Ndivyo usemavyo."

Nikasogea mbele. "Mwandoe, mwanangu, mimi ndiye niliyemwambia afiche pale. Fumbo ni langu. Kama kuna wa kuulizwa, niulizeni mimi."

"Mama Malemba, tulikuuliza. Umetujibu saa moja kasoro."

"Aliyejibu ni kisanduku."

"Kisanduku kina sauti ya nani?"

Kutoka nyuma mtu akasema, si kwa ubaya, alikuwa anafikiri tu kwa sauti: "Sasa tumwamini Malemba yupi, wa saa moja au wa saa mbili?"

"Wa saa moja," akajibu mwingine. "Yule hana mjukuu."

Watu waliguna kukubali. Nami, Mungu anisamehe, niliona wana hoja. Ningekuwa mimi nimesimama pale kwa jirani, ningeguna vilevile.

Nikamwuliza Mwandoe kama maji yamepimwa. Akasema yamepelekwa maabara Mombasa, majibu ni baada ya siku tisa. Nikasema basi tungojee siku tisa. Hapo Zighe akafungua kinywa kwa mara ya kwanza.

"Mama, mimi siku tisa nitazikaa wapi?"

Mkawasi alipiga hatua kumwendea, Zighe akarudi nyuma hatua ileile, wakabaki vile. Mkawasi ndiye aliyekuwa amemsaidia kumbeba mtoto hadi zahanati. Mvua ikimkuta Zighe njiani alikuwa akiingia kwetu bila hodi.

Gari la polisi lilimchukua Mkawasi saa nne. Walisema ni kwa usalama wake. Chekechea haikufunguliwa siku hiyo, na jioni Msimulizi aliwaambia watu, kwa sauti yangu, kwamba nyanya yao amelia.

Hilo nalo lilikuwa kweli, na sijui kilijuaje.

*

Kesho yake nilikwenda Wundanyi kwenye ofisi ya Msimulizi. Akelo alikuwa amenenepa kidogo na nywele zimeingia mvi. Alinikalisha, akaniletea chai, na kabla sijasema neno akasema yeye.

"Nimesikia, mama. Nilitumaini hutakuja."

"Kizime."

"Nikizima sauti yako watakiwekea ya mtu mwingine, na kitaendelea kusema yaleyale. Tatizo si sauti."

Akaugeuza uso wa kompyuta yake nione. Nilikuwa nangojea maandishi ya kitaalamu, nikaona maneno yangu, yale niliyomwambia miaka sita nyuma, yameandikwa juu kabisa. Chini yake kulikuwa na mistari maelfu iliyoota kutoka kwenye maneno hayo, kama mizizi ya mti uliopinduliwa.

"Kila saa kinapokea vitu vingi," akasema. "Simu za watu zimepita wapi, kamera za angani zimeona nini, mvua imepimwa kiasi gani, nani kalazwa. Kila kitu kinapewa uzito. Kwa habari ya tangi kilikuwa na majibu sita. Bomba kupasuka, mnyama kufia ndani, dawa za shamba, na kadhalika. Jibu la Mkawasi lilikuwa na uzito wa mbili katika kumi. Lilikuwa kubwa kuliko mengine, basi kikalisema."

"Mbili katika kumi?"

"Mtegaji hasemi sijui, mama."

Nilishika kikombe kwa mikono miwili. "Kifundishe kiseme."

"Ninaweza. Siku moja inatosha. Wewe ukae hapa, mimi nikuulize, wewe ujibu 'sijui' mpaka kizoee. Lakini kunywa chai kwanza, nikuonyeshe na hili."

Akafungua ukurasa mwingine. Nikaiona tarehe, nikaijua. Ni masika yaliyopita, siku mteremko wetu uliposhuka na kufunika nyumba kumi na nne. Hakufa mtu, kwa sababu asubuhi ile Msimulizi alisema: Hameni sasa hivi, wanangu, mlima unashuka leo. Watu wakahama na kuku wao. Mlima ukashuka saa tisa.

"Unajua kilikuwa na uzito gani siku ile?" Akelo akaniuliza. "Mbili katika kumi. Sawasawa na ya jana."

Nikakitazama kile kijistari. Chini yake palikuwa na majina ya waliohama, sitini na watatu. Zighe alikuwamo, mwenye mimba ya miezi minne.

"Tenganisha," nikasema. "Ya mlima kiseme kwa nguvu, ya watu kiseme sijui."

"Nimejaribu mwaka mzima. Kinywa ni kimoja. Hakijui ni lipi la mlima na ni lipi la mtu, kinajua tu kama anayesema ana hakika au hana. Na wakubwa wangu hawataki kiguswe kabisa, maana watu wanakipenda hivyohivyo. Nikikigusa nitafukuzwa, hilo niachie mimi. Lakini masika yamebaki wiki tatu, mama. Sitaki uje uniambie sikukwambia."

Nje mtu alikuwa akiosha gari na kupiga mluzi.

Natamani niandike hapa kwamba nilipima, nikaona haki iko upande huu. Sikupima. Nilimwona akilini Mkawasi amekaa kwenye sakafu ya saruji ya polisi na viatu vyake vya chekechea, vile vyekundu. Wale sitini na watatu niliwajua majina wote, wengine niliwapokea kwa mikono yangu mama zao walipozidiwa njiani. Nikamchagua wangu. Haki nilikuja kuitafutia mahali baadaye, nilipokuwa narudi nyumbani.

"Uliza," nikamwambia.

Akaanza na rahisi. Alikuwa ameyahifadhi mafumbo yote niliyomtegea.

"Babu huvaa kanzu nyeupe alfajiri, saa nne kaivua."

Ni ukungu wa mlimani, huo ninaouona dirishani tangu utoto. "Sijui."

"Nina mtumishi hulala mlangoni, hali wala hanywi."

Kufuli. "Sijui."

"Mama mnene hana miguu."

"Sijui."

Mara mia mbili. Kufika ya hamsini ulimi ulikuwa mzito. Kufika ya mia niligundua kuna moja sikulikumbuka kweli, nikasema sijui kwa sauti ileile, na Akelo hakuona tofauti. Tulipomaliza alinisindikiza hadi mlangoni, akanishika mkono kama mtu anayempa mwenzake pole, na mimi sikuuliza ni pole ya nini.

*

Kesho yake saa moja kasoro Msimulizi alisema: "Nani aliharibu maji ya Ikumbinyi? Sijui."

Nilikuwa nimekaa mezani peke yangu. Nilikisikia vizuri, kwa sauti yangu, polepole. Nikangojea furaha.

Saa mbili alipita Mwandoe barabarani, akasimama kwenye ua. "Mama Malemba, jana ulikwenda Wundanyi?"

"Nilikwenda."

"Basi." Akavaa kofia yake. "Watu walikuwa wanauliza kwa nini nyanya amesahau ghafla."

Siku ya tisa majibu ya maabara yalikuja: maji yalichafuliwa na mzoga. Walipofungua bomba la juu ya tangi wakakuta pimbi aliyeoza, amekwama tangu kabla Mkawasi hajalificha kopo. Msimulizi alisoma hivi: "Huenda ni pimbi. Maabara inasema hivyo. Sijui kwa hakika." Palepale nikasikia jirani akikizima chake. Polisi walimwachia Mkawasi kwa karatasi yenye mistari miwili. Alirudi kwa siku moja, akakuta chekechea imepata mwalimu mwingine na mlango wetu umepakwa kinyesi. Akaosha mlango, akanipikia wali, akaondoka kwenda Taveta kwa rafiki yake.

"Ningekuwa nimeua kweli," aliniambia akifunga begi, "wangenisamehe siku moja. Lakini sikuua, sasa watanisamehe nini?"

Wale wachezaji wengine waliyakusanya makopo yao wakayachoma.

Masika yakaingia. Siku ya nne ya mvua Msimulizi akasema: "Mteremko wa Ikumbinyi umelowa. Unaweza kushuka. Unaweza usishuke. Sijui." Nilitoka na mwavuli, nikapita nyumba kwa nyumba na haya magoti, na kila mlango niliugonga nikasema: Hameni, mlima unashuka leo. Mzee mmoja akaniuliza, "Una hakika?" Nikamjibu nina hakika. Sikuwa nayo. Walihamia kanisani, hata waliokuwa hawanisalimii, na wakalala kwenye mabenchi siku mbili.

Mlima haukushuka. Wakarudi wakakuta mahindi yameliwa na nyani.

Siku ya nane mvua ilinyesha tangu asubuhi bila kupumzika, na maji ya mfereji yakageuka mekundu. Nilishuka tena. Nyumba ya kwanza hawakufungua, wala ya pili. Kwenye ya tatu mtu alisema kutoka ndani, "Tumekusikia, nyanya, nenda kapumzike."

Zighe mlango wake ulikuwa wazi. Alikuwa amechutama jikoni anaosha vyombo kwa maji ya mvua. Hakuinua kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Zighe, njoo twende kanisani."

"Leo unajua, au ni kama juzi?"

Mlima uko nyuma kabisa ya jiko lake. Nilisikia maji yakipita ndani ya udongo, sauti kama ya mtu anayemeza. Ningeweza kumwambia najua. Neno lilikuwa tayari ulimini, nalo lingetoka zuri kuliko kisanduku chochote. Lakini alikuwa ameinua macho sasa, na huyu ni mtu niliyekwisha kumdanganya mara mbili, kwa kinywa cha kisanduku na kwa changu.

"Sijui," nikasema.

Alitikisa kichwa taratibu. "Basi mimi nitakaa, mama. Kule kanisani wenzangu wananitazama kifua. Nimechoka kutazamwa."

"Zighe, binti yangu."

"Wewe nenda."

Nilitazama njia niliyojia, jinsi inavyopanda. Kisha nikakunja mwavuli, nikavuta kigoda karibu na karai, nikashika kitambaa. Zighe akanipa sahani, nikaifuta, nikaiweka juu ya meza, nikanyoosha mkono kupokea nyingine.